Nusu ya Muda

Mimi ni wa piano. Hakuna anayenitazama.
Miaka ishirini na sita pembeni mwa chumba cha tatu,
hapa Ulan-Ude, dirisha limevaa barafu kwa ndani,
na ninachokiona juu ya karatasi za muziki
ni miguu tu. Nyuso nazijua kwa kuchelewa.

Sesegma alikuja ana miaka kumi.
Walimpima kama seremala apimavyo mbao:
urefu wa paja, upinde wa wayo,
nyonga inafunguka hadi wapi, mgongo unakubali nini.
Mamaye alisimama ukumbini na koti la mtoto mkononi
na mfuko wa buuza zilizokwisha kupoa.
Walikuja sabini na wawili. Tuliwachukua kumi na wawili.

Mwaka wa kwanza ni kusimama.
Uso ukutani, mikono miwili juu ya fito,
visigino vimegusana, vidole vimepeana mgongo
kama ndugu waliogombania shamba.
Larisa Dashievna husema: "Mguu mbele.
Usiuburute. Ufute sakafu."
Nami napiga mapigo manane kuutoa,
manane kuurudisha,
polepole mpaka vidole vyangu vinaota kutu.
Kuna mtoto alilia. Si maumivu, ni kuchoshwa.

Kisha viatu vya ncha. Wakavigonga kwa nyundo,
wakavibana kwenye bawaba za mlango,
wakashona ncha kwa uzi mnene zisiteleze.
Kwenye sanduku la ulimbo walikanyagana,
wakatoka na nyayo nyeupe, wima, wakitetemeka.
Sesegma aling'oka kucha mbili.
Alinionyesha kwa fahari,
kama mtoto aonyeshaye pengo la jino.

Mwaka wa pili, mguu uleule: mapigo manne.
Wa tatu, mawili.
Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii, mkiniuliza,
nanyi hamniulizi:
kitendo hakibadiliki. Ni muda unaokatwa.

Mwaka wa tano miili ikaanza kusema yake.
Erzhena, aliyekuwa na sikio kuliko wote,
aliyepumua pale nilipopumua,
alirefuka sentimita kumi na moja kiangazi kimoja.
Juni orodha ikabandikwa mlangoni.
Alisoma mara moja, akarudi kuchukua leso yake,
akapita kwenye piano.
"Asante kwa muziki," akasema.
Hakuna anayesema hivyo.
Nilijifanya natafuta ukurasa.

Wa sita, kuruka. Wa saba, Bair na wavulana wenzake
wakafundishwa kubeba,
na wasichana wakafundishwa jambo gumu zaidi: kubebwa
bila kuwa mzigo.
Mara moja alimwangusha. Sakafu ilinena.
Larisa Dashievna hakugeuka. "Tena," akasema,
nami nikaanza tena, kutoka mwanzo wa mstari.

Wa nane, mtihani. Meza ndefu, maji kwenye bilauri,
mgeni kutoka tamthilia ya mji mwingine akiandika kwa penseli.
Mguu ule ulitoka ukarudi
kabla kidole changu hakijaachia kibonye.
Walikuwa wamebaki wanne.
Sesegma alipewa mstari wa nyuma, msimu mmoja, kwa majaribio.

Kesho yake alinikuta saa moja asubuhi.
Aligeukia ukuta, akashika fito kwa mikono miwili.
"Ule wa kwanza," akasema. "Wa polepole."
Nikampigia manane.
Kwenye la tano paja likaanza kumtetemeka.
Akacheka, akaliacha, akajaribu upya,
na safari hii hakucheka.

Juzi nilinunua tiketi ya kwenda Chita.
Karani nyuma ya kioo alikuwa Erzhena, amenenepa kidogo, ana pete.
Hatukuzungumza sana, foleni ilikuwa ndefu.
Lakini alipotoka kufunga kidirisha
nilitazama chini, mazoea hayo,
na nikaona buti zake za manyoya juu ya saruji:
visigino vimegusana.